Kamati ya shule ina mamlaka gani hasa juu ya fedha na matokeo ya darasa la saba?

Mwenyekiti Mpya

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Hivi karibuni wazazi walinichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya msingi, shule ndogo ya serikali katika kata ya pembezoni hapa Tanzania, yenye wanafunzi 412 na walimu watano, mwalimu mkuu akiwa mmoja wao. Nimeipokea nafasi hii katikati ya mgogoro. Mwaka juzi watahiniwa 26 walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi na 21 wakafaulu. Mwaka uliofuata walifanya 31 na wakafaulu 18. Kwa asilimia tumeshuka kutoka 81 hadi 58, na kundi la wazazi linadai mwalimu mkuu aondolewe.

Jambo la pili ni fedha. Mzazi mmoja mwenye kusikilizwa alisimama mkutanoni akaeleza kwamba serikali hutoa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo shule yetu ilipaswa kupokea shilingi 4,120,000 kwa mwaka, ilhali taarifa iliyosomwa na mwalimu mkuu inaonyesha 2,430,000. Tofauti hiyo ya karibu milioni moja na laki saba imegeuka kuwa ushahidi wa wizi katika midomo ya watu, na mwalimu mkuu, ambaye si mzungumzaji, hakuweza kuieleza ikaeleweka.

Ninachotaka kufahamu ni mipaka ya kamati. Je, tunaweza kumwajibisha mwalimu mkuu kwa matokeo? Tunaweza kudai kuona taarifa za benki? Na kama fedha ni hizo tu, ni kitu gani kamati inaweza kukifanya ambacho mtoto atakiona darasani?

Mwalimu Mstaafu

Mwenyekiti, hongera na pole kwa pamoja. Nianze na fedha kwa sababu hapo pana jibu la moja kwa moja. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni kweli shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini zinazoingia katika akaunti ya shule ni 6,000 tu. Zile 4,000 hubakizwa serikali kuu kwa ajili ya vitabu, ambavyo hutolewa kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Zidisha 412 kwa 6,000 utapata 2,472,000. Mwalimu mkuu wako amesoma 2,430,000. Kinachohitaji maelezo, basi, ni shilingi 42,000, na hizo atakueleza mtu wa hesabu vizuri kuliko mimi.

Ila msiishie kwenye kumsafisha mwalimu. Itazameni hiyo 2,472,000 kwa macho makavu: ni shilingi 206,000 kwa mwezi kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na mambo ya ofisi. Posho ya madaraka anayolipwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi tangu mpango wa elimu bila malipo uanze ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, shule nzima inaendeshwa kwa fedha inayokaribiana na posho ya mtu mmoja, na wala sisemi kwamba posho hiyo ni kubwa.

Kiwango hicho kina historia. Wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilikuwa karibu shilingi 10,000. Dola imepanda, bei ya karatasi imepanda, bei ya mfuko wa saruji sote tunaijua, lakini 10,000 imebaki 10,000. Tulioongoza shule miaka ile tulilalamika kwamba fedha haziji kwa wakati na kwamba hupungua zikipita halmashauri. Tangu mwaka 2016 huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na hilo ni jema ambalo halisemwi vya kutosha. Tatizo lililobaki ni kwamba hata zikifika kamili bado ni kidogo.

Kuhusu kumwondoa mwalimu mkuu, kamati haina mamlaka hayo. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, lakini mwajiri na mamlaka yake ya nidhamu viko kwingine: halmashauri humpangia kituo na Tume ya Utumishi wa Walimu hushughulikia nidhamu yake. Mnaweza kuandika maoni kupitia kwa Afisa Elimu Kata, yakiwa na muhtasari wa kikao uliosainiwa. Barua ya hasira isiyo na muhtasari itakaa mezani mpaka iwe ya njano.

Mhasibu wa Halmashauri

Niongeze kuhusu zile 42,000. Ukigawanya kwa 6,000 unapata wanafunzi saba. Shule hulipwa kwa idadi iliyomo katika takwimu zilizowasilishwa, si kwa idadi ya watoto walioketi darasani leo. Mtoto aliyehamia katikati ya mwaka, au ambaye taarifa zake hazijakamilishwa kwenye mfumo wa usajili wa wanafunzi, yaani PREM, anasoma bila ruzuku yake. Shule ndogo huumizwa zaidi na jambo hili kuliko shule ya mjini yenye watoto 2,000, kwa sababu haina fungu lingine la kufidia. Kamati ikimwomba mwalimu mkuu alinganishe daftari la mahudhurio na takwimu zilizotumwa, kila muhula, itakuwa imefanya kazi ya maana kuliko mikutano mitatu ya kulaumiana.

Swali la taarifa ya benki lina jibu rahisi: ndiyo. Kamati huidhinisha mpango na bajeti ya shule, na haiwezekani kuidhinisha kitu ambacho hairuhusiwi kuona utekelezaji wake. Mfumo wa FFARS ulioanza kutumika mwaka 2017 uliwekwa kwa kusudi hilo hilo, kwamba kila shule na kila zahanati iwe kituo kinachoandika mapato na matumizi yake yenyewe. Ombeni taarifa ya benki ya robo mwaka, daftari la fedha na hati za malipo zilizoambatanishwa na stakabadhi, kisha muvisome pamoja kwenye kikao, siyo mwenyekiti peke yake nyumbani kwake. Muhtasari wa mapato na matumizi ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa lugha ambayo mama anayepita kumleta mtoto ataielewa.

Nikiri jambo moja kama mtu wa ndani: hatari kubwa ya fedha katika shule ndogo haiko kwenye ruzuku. Iko kwenye fedha za ujenzi zinazoingia kwa mkupuo. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, chumba kimoja cha darasa kilitengewa shilingi milioni 20. Kwa shule yenu hiyo ni ruzuku ya zaidi ya miaka minane, ikishikwa na watu ambao hawajawahi kushika hata milioni tatu. Utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida unataka ziundwe kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na mara nyingi wajumbe huitwa kusaini tu baada ya mzigo kushushwa. Mkipata mradi kama huo, mjumbe wa mapokezi ahesabu mifuko kabla ya kusaini. Hapo ndipo mahali pa kuwa wakali.

Mwalimu wa Hisabati

Niruhusuni nizungumzie matokeo, kwa kuwa naona yamechukuliwa kama yalivyo. Katika darasa la watahiniwa 31, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia tatu. Watoto watatu wakiugua au wakiwa na mwaka mbaya, shule imeshuka kwa karibu asilimia kumi bila mwalimu yeyote kubadilika. Ukijumlisha miaka yenu miwili, waliofaulu ni 39 kati ya 57, yaani asilimia 68. Pengine hiyo ndiyo sura halisi ya shule, na mwaka wa 81 ulikuwa wa neema kama ambavyo wa 58 ulikuwa wa mkosi. Chukueni walau miaka mitano kabla ya kumhukumu mtu.

Asilimia ya ufaulu pia huficha mengi. Mtoto mwenye A na mwenye C wote huhesabiwa wamefaulu. Kitaifa, ufaulu wa darasa la saba ulipanda kutoka takribani asilimia 31 mwaka 2012 hadi zaidi ya 80 mwaka 2019, lakini ukimuuliza mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza kama watoto anaowapokea wamekuwa bora kwa kiasi hicho, atacheka. Kwa sababu hiyo nakushauri uombe vitu vingine. Omba idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza wa kundi lile na uilinganishe na waliofika kwenye mtihani. Shule inaweza kupata asilimia 90 kwa sababu wale wazito waliacha njiani au walikaririshwa darasa la nne, nayo shule iliyowabeba wote hadi mwisho ikaonekana mbovu. Omba pia wastani wa alama kwa kila somo. Kama Kiswahili kiko juu na Hisabati iko chini mwaka hadi mwaka, hilo si suala la mwalimu mkuu kuwa mzembe. Huenda hakuna mwalimu wa Hisabati.

Na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na waliotangulia. Fedha zimezungumzwa sana, lakini watoto 412 kwa walimu watano ni watoto 82 kwa kila mwalimu, wakati kiwango kinachotajwa ni 45. Hakuna daftari la fedha litakaloziba pengo hilo. Kama kamati ina nguvu ya kupiga kelele, ikapige kelele hiyo kwenye ikama, yaani idadi ya walimu wanaostahili kuwepo shuleni, kupitia kwa diwani, maana diwani ndiye anayekaa kwenye baraza ambako taarifa za mgawanyo wa walimu husomwa.

Mzazi wa Taita

Ndugu zetu, huku Kenya hali inafanana kuliko mnavyodhani. Mgao wa elimu ya msingi bila malipo ulianza mwaka 2003 ukiwa shilingi 1,020 za Kenya kwa mwanafunzi, ukafika 1,420, na vitabu siku hizi hununuliwa na serikali kuu badala ya shule yenyewe. Walimu ni wa TSC, yaani tume ya taifa inayoajiri walimu, hivyo bodi yetu ya usimamizi, ijapokuwa imetajwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, haina la kuamua kuhusu nani afundishe. Tulichofanikiwa ni kufuatilia mahudhurio kijiji kwa kijiji, kwa kuwa siku za soko madarasa yalikuwa yakibaki nusu.

Mwenyekiti Mpya

Nashukuru sana. Mwalimu mstaafu, shikamoo, na ahsante kwa hesabu ile. Nimeipeleka kwa mzazi aliyelalamika, akaikagua mwenyewe kwa kalamu, na sasa anataka kujua kwa nini 10,000 haijapandishwa tangu MMEM. Nimebaki na swali moja. Utoro wetu unazidi baada ya saa nne asubuhi, kwa sababu watoto wengi hutembea mbali na huja bila kula. Wazazi kadhaa wako tayari kuchangia mahindi na maharage. Mwalimu mkuu anaogopa kwa sababu ya katazo la michango. Je, inaruhusiwa?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, Mwenyekiti. Kilichokatazwa ni michango ya lazima na kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa mzazi wake hajatoa. Nyaraka za elimu bila malipo za mwaka 2015 na 2016 zimeacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa kuwa jukumu la mzazi, pamoja na sare na madaftari, kwa hiyo wazazi kukubaliana kuwalisha watoto wao si kosa. Lakini fuateni njia. Wazo litoke kwenye mkutano wa wazazi na liandikwe kwenye muhtasari, mtendaji wa kijiji na Afisa Elimu Kata wajulishwe kwa maandishi, na asiwepo mwalimu hata mmoja anayepokea debe wala senti. Chagueni wazazi wawili watunze stoo, mmoja ashike ufunguo na mwingine daftari. Mtoto ambaye kwao hakuna cha kuchangia ale sawa na wenzake, na jina lake lisisomwe mahali popote. Anzeni na uji kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, ambao ndio wanaosinzia zaidi, kisha linganisheni mahudhurio ya baada ya saa nne kwa muhula mmoja na ya muhula uliotangulia. Takwimu hizo mtazihitaji mkienda kwa diwani kudai walimu.