Mrejesho: kiatu kugusa tairi la mbele

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kama nirudishe baiskeli yangu ya mtumba kwa vile ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele nikikata kona. Wengi mlisema nitazoea.

Nilijaribu. Ukiwa na kasi haisumbui, maana kona unailalia tu, usukani haugeuki sana. Balaa ni mwendo wa kinyonga. Foleni ya Ngong Road, napenya kati ya matatu mbili, mguu wa kushoto uko mbele, nageuza usukani kulia. Kumbe nyuma ya gurudumu inakuja kushoto! Kiatu kikanasa kwenye madigadi, nikaenda chini. Makanga alicheka kwanza ndipo akaniinua.

Nikashika futi. Kutoka katikati ya krenki, pale mikono ya pedeli inapozungukia, hadi katikati ya gurudumu la mbele: sentimita 58. Toa 34 za nusu ya gurudumu na tairi lake, toa 17 za mkono wa krenki, zinabaki 7. Kiatu changu namba 44 kinapita katikati ya pedeli kwa kama sentimita 10. Ningezoea nini hapo?

Muuzaji alikubali tubadilishane, nikamwongezea elfu nne. Hii ina 62, krenki 16.5. Kabla ya kulipa nilipanda, pedeli mbele, nikazungusha usukani kushoto kulia pale pale dukani. "Unacheza densi, boss?" Acha aulize. Kiatu hakikugusa.

Madigadi bado sijafunga. Nafasi iliyobaki ni kidole kimoja tu.