Gumzo la Kikundi: Ripita za Mlimani na Bondeni

[06:12] Katibu: Habari za asubuhi wana masafa. Niliuliza juzi, nauliza tena. Jumamosi tunapanda mlimani kuunganisha ripita zetu mbili (mitambo inayopokea sauti za redio na kuzirusha upya mbali zaidi), ya mlimani na ya bondeni, au hatupandi? Orodha hii hapa:
1. Katibu
2.

[06:13] Katibu: Nakili, bandika, ongeza jina lako.

[06:48] Katibu: Naona mnasoma. Alama za bluu hazifichi mtu.

[07:55] Mama Masafa: 2. Mama Masafa (upande wa chai, ngazi sipandi)

[08:02] Fundi: Kabla ya majina tukubaliane kazi. Kiungo ni cha intaneti au cha redio? Vifaa vyake si vilevile.

[08:03] Katibu: Si tulishamaliza hilo?

[08:05] Fundi: Tulilijadili. Hatukulimaliza.

[08:09] Dogo: Intaneti. Kompyuta ndogo kila upande, AllStarLink (mtandao wa kuunganisha ripita), kwisha. Na tukiwa huko tuweke DMR kabisa, redio ya kidijitali. Chaneli moja ya kHz 12.5 inabeba maongezi mawili kwa wakati mmoja

[08:10] Mama Masafa: Mawili? Hilo moja lenyewe hamuachiani nafasi 😂

[08:11] Jirani: Kuna mtu humu husimulia hali ya hewa mpaka taima ya ripita ya dakika 3 inamkata

[08:12] Kaka wa Usiku: Nipo, nasoma.

[08:12] Mama Masafa: 😂😂😂

[08:14] Katibu: Jamani, mada.

[08:21] Fundi: Dogo, wengi humu wana redio za mkono za analogia. DMR tupu itawafungia nje. Mimi nasema kiungo cha redio cha masafa ya UHF, antena mbili za Yagi zitazamane, mlimani na bondeni panaonana vizuri. Cha kuangalia ni mkia. Mtu akiachia kitufe, ripita inabaki hewani sekunde chache. Kiungo kikidhani mkia ule ni mtu, kinaifungua ya bondeni, ya bondeni nayo inarudisha mkia wake, zinafunguana hadi alfajiri. Kwa hiyo toni ya kiungo, mlio mzito unaokifungua, tuseme 88.5 Hz, itoke pale tu mtu anapozungumza. Mkia upite bila toni.

[08:23] Mama Masafa: Ripita zinasengenyana usiku kucha bila watu. Zimetoka kwetu hizo

[08:40] Dada wa Bondeni: Mnaunganisha nini wakati ripita yetu ni kiziwi? Inarusha vizuri, kusikia haisikii. Tangu duplexa irudi, kile kichujio kinachoiwezesha kupokea na kurusha kwa antena moja.

[08:41] Katibu: Dada, yale yalishapita.

[08:43] Dada wa Bondeni: Yalipita kwa nani? Duplexa iliondoka nzima, ikarudi fito zake za kurekebishia zimezungushwa na mtu, kwa kubahatisha. Kati ya kupokea na kurusha kuna kHz 600 tu. Fito zikihama kidogo, kirushi kinakizibia kipokezi masikio. Mpaka leo hakuna aliyesema ni yeye.

[08:44] Kaka wa Usiku: Mbona kama nasemwa mimi

[08:44] Dada wa Bondeni: Sijataja mtu.

[08:45] Kaka wa Usiku: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[08:45] Jirani: Tumeshausoma 👀

[08:46] Dogo: 📷 paka amevaa hedifoni

[08:46] Katibu: DOGO

[11:30] Katibu: Majina mawili. Kikundi kina watu 31.

[14:20] Mzee wa Kilele: Wanangu, nimesoma yote. Siku intaneti inapokatika ndiyo siku watu wanatutafuta. Kiungo kitakuwa cha redio. Dogo ajaribu ya kwake pembeni, iwe na swichi ya kuizima. Kibali cha mnara wa mlimani kina jina langu, na hakuna atakayeugusa mpaka duplexa ya bondeni ipimwe kwa kipimo, si kwa sikio. Aliyezizungusha zile fito aje nyumbani. Sitauliza tena.

[14:22] Fundi: Shikamoo Mzee. Nimekuelewa.

[14:22] Mama Masafa: Shikamoo Mzee 🙏

[14:25] Dogo: Shikamoo babu. Sawa

[14:31] Mzee wa Kilele: Marahaba.

[14:50] Dada wa Bondeni: Asante Mzee.

[15:58] Katibu: Basi Jumamosi ni bondeni, kupima duplexa. Mlima tutautafutia siku. Fundi, kipimo unacho?

[16:04] Fundi: Kiko kwa Kaka wa Usiku tangu tuliporekebisha antena yake.

[16:05] Katibu: Kaka?

[17:20] Katibu: Kaka wa Usiku??

[19:31] Kaka wa Usiku: Nilikuwa nimelala. Mzee, kesho nikitoka zamu nitapita kwako.

[19:32] Katibu: Na kipimo?

[19:50] Katibu: Kaka, kipimo.

[21:05] Mwana Kaskazini: Samahani nimechelewa kusoma. 3. Nami nipo. Tunaanza kupanda saa ngapi?

[21:06] Katibu: HATUPANDI. Soma juu.

[21:15] Jirani: Kwa hiyo betri mpya za mlimani zinaendelea kukaa sebuleni kwangu? Nizichaji basi, ninayo chaja ya gari

[21:16] Fundi: Usiguse! Hizo ni za lithiamu, chaja ya gari haizifai.