Wakala wa hija ametupiga: tumelipia Roncesvalles, tumeoneshwa duka na choo

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe lugha.

Kuna wakala mmoja hapa Dar anayekusanya watu parokiani kwa ajili ya safari za hija Ulaya. Jina siweki, wanaomjua watamjua. Kwenye ratiba aliyotugawia, na karatasi ninayo, siku ya kutoka Lourdes imeandikwa hivi: "kutembea njia ya Mtakatifu Yakobo katika milima ya Pirenei na kutembelea kanisa la kale la Roncesvalles." Kwa ajili ya mstari huo akina mama wa jumuiya yetu walinunua raba na kuanza kutembea kila jioni. Watu wamelipa mamilioni, wengine kwa mikopo ya vikoba.

Kilichotokea sasa. Basi likapita Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, mji ambao mahujaji wengi huanzia safari ya miguu ya kwenda kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo kule Santiago de Compostela, Hispania, likavuka mpaka, likatupandisha kwa lami kupitia kijiji cha Valcarlos hadi juu Ibañeta, pale barabara inapovuka mlima kabla ya kushuka Roncesvalles. Njia ya miguu kutoka Saint-Jean hadi Roncesvalles ni kama kilomita 25 na inapanda hadi mita 1,400 na ushee. Hakuna aliyedai wazee watembezwe yote hiyo. Lakini kutoka Ibañeta hadi kanisani ni mwendo mfupi, tena wa kushuka! Tukaomba tushushwe pale. "Muda hautoshi." Basi likateremka, likaegeshwa, tukaambiwa dakika 40, choo kile pale, duka la zawadi lile pale.

Dakika 40 kwa sehemu kama ile! Kanisa la Bikira Maria la Roncesvalles ni la mwanzoni mwa karne ya 13, kazi ya mfalme Sancho VII wa Navarra, na ni kati ya makanisa ya kwanza ya mtindo wa Kigothi katika Hispania yote. Ukiingia kuna giza la mawe, halafu mbele kabisa sanamu ya Bikira Maria iliyofunikwa fedha. Hapo ndipo wanaotembea hupewa baraka ya mahujaji baada ya misa ya jioni. Sisi saa hizo tulikuwa tumeshafika mbali, tunatafutiwa hoteli ya bei nafuu.

Kaburi la huyo Sancho hatukuliona. Limo kwenye chumba cha karne ya 14 kando ya kanisa, na sanamu yake iliyolazwa juu ina zaidi ya mita mbili, maana jamaa alikuwa pande la mtu. Humo zimo pia minyororo ambayo kwa mapokeo aliiteka kwenye vita vya Las Navas de Tolosa mwaka 1212, ile ile iliyoingia kwenye nembo ya Navarra. Kanisani unaingia bure, ila kaburi na makumbusho ni kwa tiketi. Nikamuuliza kiongozi wa msafara tiketi zetu ziko wapi, kwa sababu kwenye malipo tuliandikiwa "viingilio vyote". Akanijibu eti hicho ni kiingilio cha hiari. Cha hiari ya nani?

Na huyo kiongozi ndiye aliyenimaliza kabisa. Anasimama mbele ya watu wazima anasema Roland, kamanda wa Charlemagne, yule mfalme wa Wafranki, aliuawa hapo na Waislamu. Si kweli! Mwaka 778 waliovamia nyuma ya jeshi la Charlemagne ni Wabaski, wenyeji wa milima hiyo, na Einhard aliyeandika maisha ya Charlemagne kasema hivyo hivyo. Waliowageuza Wabaski kuwa Waislamu ni watunzi wa tenzi, karne kadhaa baadaye. Sisi tuna wakwe na ndugu Waislamu nyumbani, mambo haya si ya kuropoka. Halafu akatuonesha kile kikanisa cha mraba wanachokiita Ghala la Charlemagne, akasema alikijenga mwenyewe. Ni cha karne ya 12, Charlemagne alikufa 814. Chini yake walizikwa mahujaji waliofia njiani. Kundi zima la mahujaji likapita hapo bila hata "Raha ya milele", kwa sababu hakuna aliyeambiwa ni makaburi.

Nilipolalamika kwenye kundi la wasapu nikaondolewa. Kabla sijaondolewa, mmoja wa watu wa wakala aliandika: "Mmefikishwa Ulaya bado mnanung'unika." Yaani tumefadhiliwa? Hela ni zetu!

Nikisema ukweli, pale kwenyewe hapana kosa. Wahudumu wa kujitolea kwenye bweni la mahujaji walikuwa wanapokea watu waliolowa kwa mvua, wanawaonesha pa kuweka viatu, na mmoja akatugongea mihuri kwenye vitabu vyetu vya sala tulipomwomba. Hiyo ndiyo hija pekee niliyoipata siku ile.

Sasa nauliza wanaojua: risiti ninayo, ratiba ninayo, picha ya basi yenye saa ninayo. Nianzie wapi kudai? Kuna aliyewahi kurudishiwa? Na wewe uliyekwisha lipa malipo ya awali ya safari yao ijayo, usiongeze hata shilingi mpaka wakuandikie basi litasimama saa ngapi hadi saa ngapi, mtatembea kutoka wapi hadi wapi, na tiketi ya kaburi analipa nani.