Tupeane uzoefu: John Cena alikuwa fundi wa mieleka au kipenzi cha watoto tu?

Wakuu, salaam. Tangu Desemba 13, 2025, mwanamieleka wa WWE John Cena alipogonga sakafu, ishara ya kusalimu amri, akiwa amekabwa na Gunther pale Washington na kustaafu, ubishi kijiweni kwetu hauishi. Wapo wanaosema mwenye ubingwa wa dunia mara 17 hana mpinzani. Wapo wanaosema jamaa alikuwa na mitupo mitano, ukishaijua umemmaliza, na kwamba kilichombeba ni mdomo, fulana za rangi kali na kaptula za jinsi.

Msimamo wangu naweka wazi. Cena alikuwa fundi, na ufundi wake mkubwa ulikuwa kuwasikiliza watu waliouzunguka ulingo. Matokeo ya mieleka hii hupangwa, sote tunajua. Kinachobaki kwa mwanamieleka ni kukufanya usimame, na hilo halipangwi ofisini.

Pambano ninaloliteua mimi ni lile la Juni 11, 2006, New York, ukumbi wa Hammerstein Ballroom, dhidi ya Rob Van Dam. Ukumbi mdogo, umejaa mashabiki wa ECW, kampuni nyingine ya mieleka, waliokuwa hawataki kumwona. Kuna bango limeandikwa kwamba Cena akishinda watafanya fujo. Anavua fulana, anawarushia kama kawaida yake. Inarudishwa ulingoni. Anaiokota, anairusha tena. Inarudi. Mwangalieni usoni wakati ule: hatabasamu, hakasiriki, anaipima hasira ya ukumbi halafu anawapa nafasi ya kuirudisha tena. Kengele haijalia na watu wameshapagawa. Van Dam akaondoka na mkanda baada ya mwanamieleka Edge kuingilia, lakini usiku ule wote uliendeshwa na aliyezomewa.

Haya, leteni yenu. Pambano gani lilikufanya umkubali au umkatae, na ulilionea wapi?

Mdau wa Tanga
Mkuu, mimi nilimkubalia kwenye kibanda umiza. Royal Rumble ya Januari 2008, ile ya watu 30 wanaoingia mmoja mmoja, Madison Square Garden. Oktoba iliyotangulia alikuwa amechanika msuli wa kifua, na habari zilizotufikia ni kwamba hatarudi karibuni. Sisi tuliiona baadaye kwenye DVD, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa ametuvujishia. Inahesabiwa namba 30, muziki wake unalia, New York wale wale wazomeaji wanaruka. Bandani benchi la mbele lilipinduka na watu juu yake. Mwenye banda alilazimika kurudisha nyuma mara kadhaa, maana wa nje waliokuwa wanachungulia dirishani waliingia na viingilio mkononi wakitaka waone na wao. Mtu anayekufanyia hivyo kwa kutembea tu kutoka mlangoni, umwite nani kama si fundi?

Mdau wa Mombasa
Ndugu yangu, mimi hapo siko. Kushangiliwa ni kitu kimoja, mieleka ni kingine. Itazameni ile STF yake, kabali ya mguu na shingo: mikono imelegea, shingo ya mwenzake iko huru. Mtazameni Kurt Angle akishika kifundo cha mguu, kisha mrudi kwa Cena, tofauti mtaiona wenyewe. Na kila pambano mwisho wake ni ule ule: anapigwa, anapigwa, ghafla anaamka, mabega mawili, mkono mbele ya uso, AA, ule mtupo wake wa kumalizia, twendeni nyumbani. Steringi hafi.

Lililonikata kabisa ni SummerSlam ya 2010. Nexus walikuwa kundi la vijana wapya, wakali, wakipambana na timu ya Cena, watu wanawaogopa kweli. Cena anabaki peke yake na wawili, Wade Barrett na Justin Gabriel. Barrett anamshindilia kichwa kwenye saruji tupu, godoro limeondolewa. Dakika chache tu baadaye Cena ameshawamaliza wote wawili. Edge na Jericho, waliokuwa timu yake usiku ule, wameshasema hadharani kwamba walipinga mwisho ule. Kundi halikurudi kuwa lile lile tena. Mkihesabu urithi wake, hesabuni na wale vijana.

Mleta mada
Mdau wa Mombasa, kwa Nexus sikupingi, walistahili kushinda. Lakini kwamba hajui mieleka, hapana. Aprili 2007 alisimama na Shawn Michaels jijini London karibu saa nzima kwenye kipindi cha kawaida cha Jumatatu. Utasema Michaels ndiye aliyembeba. Sawa, na Umaga miezi mitatu kabla, waliposhindana mpaka mmoja ashindwe kusimama, nani alimbeba mwenzake? Na mwaka 2015, akiwa na mkanda wa Marekani, alikuwa anafungua mlango kila wiki: anayeutaka aje. Wakaja Sami Zayn, Neville, na baadaye Cesaro. Na Mei 31 Kevin Owens, pambano lake la kwanza kwenye kikosi kikubwa, akambana mabega kihalali, hakuna kiti, hakuna mtu wa pembeni. Huyo naye ni kijana. Mhesabu.

Mdau aliye Marekani
Niongeze jambo ambalo TV haikupi. Nilikwenda kwenye onyesho la kawaida, lile lisilorushwa. Ukumbi uligawanyika kwa sauti. Watoto na akina mama wanaimba twende Cena, sauti nyembamba. Wanaume wanajibu kwa sauti nzito kwamba Cena hafai. Zinapokezana bila kiongozi. Safu ya mbele yangu baba anamzomea, mwanawe wa kama miaka minane amesimama kwenye kiti, kofia ya Cena kichwani, anamjibu baba yake kwa nguvu zote. Wote wawili wana raha! Na Cena ulingoni alikuwa anasubiri: hapigi ngumi inayofuata mpaka wimbo ukamilike pande zote. Niliona kwa macho yangu.

Mdau wa Dodoma
Mimi nafundisha shule ya msingi, mieleka siijui kwa undani. Najua tu kwamba ametimiza matakwa ya watoto wagonjwa zaidi ya 650 kupitia shirika la Make-A-Wish, rekodi ya Guinness. Mtoto wa dada yangu alipolazwa, video zake ndizo zilizomfanya akubali kumeza dawa. Msiliache hili nje ya hesabu.

Mdau wa Nairobi
Mimi kilichoniuma ni 2025. Machi 1, Toronto, anamgeuka Cody Rhodes, dunia nzima imeshtuka. Miaka yote tumelilia awe mbaya. Halafu? WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka, ikaja kapoa, na kufikia Agosti ameshakuwa mwema tena. Nafasi imepotea bure.

Mdau wa Mombasa
Owens nakupa, mleta mada, na huyo wa Marekani kanionyesha kitu. Lakini Owens alishinda Mei 31, na Juni 14 Cena akalipa kisasi, Julai akashinda tena. Mara tatu, mbili zake. Nijibu hilo kwanza ndipo tuongee habari ya Gunther.