Mjadala: Droni na makombora ya masafa marefu, yanavimaliza vita vya Ukraine au yanavirefusha?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiwepo wa kuniuliza baadaye niko upande gani: droni hazitavimaliza vita vya Ukraine. Zinavirefusha. Kadiri zinavyoongezeka, kila upande unazidi kupata njia rahisi ya kumzuia mwenzake asishinde, na hakuna unaopata njia ya kushinda wenyewe.

Angalieni mambo yalivyogeuka tangu Februari 24, 2022. Siku za mwanzo tulikuwa tunatazama misafara ya vifaru vya Urusi barabara ya kwenda Kyiv, na sifa zote wanapewa Bayraktar za Uturuki. Bayraktar ni ndege hasa, ina bei yake na inataka uwanja wa kuruka. Ulinzi wa anga wa Urusi ulipojipanga, tukaacha kuisikia. Nafasi yake imechukuliwa na kidude ambacho kijana anakiunga mezani: mapangaboi manne, kamera kwa mbele, kichwa cha roketi ya RPG kimefungwa kwa tumboni, na mwongozaji amejificha kilomita kadhaa nyuma amevaa miwani, anaona kile droni inachoona. Gharama yake ni kama dola 400 au 500. Kifaru inachokichoma ni mamilioni ya dola.

Sasa hivi kuna ukanda wa kilomita 15 hadi 20 kutoka mstari wa mbele ambamo kila kinachosogea kinaonekana, na kikionekana kinapigwa. Vifaru vimefichwa. Huko Pokrovsk, mji wa mashariki ya Ukraine, mwaka 2025 Warusi walikuwa wakijipenyeza wawili wawili, watatu watatu, wengine kwa pikipiki. Barabara za kupelekea chakula na risasi zimefunikwa kwa nyavu juu ya nguzo, kilomita kwa kilomita. Kutoa majeruhi imekuwa kazi ya usiku, mara nyingine ya vigari visivyo na dereva. Kwa hali hiyo nani atakusanya brigedi tatu mahali pamoja avunje ngome, kama Waukraine walivyofanya Kharkiv Septemba 2022? Akizikusanya tu ameshaonekana.

Na huko nyuma ya mstari ni hivyo hivyo. Usiku wa kuamkia Septemba 7, 2025 jeshi la anga la Ukraine lilihesabu droni 810 zilizorushwa na Urusi, na jengo la baraza la mawaziri Kyiv likawaka moto. Ukraine nayo inapiga viwanda vya kusafisha mafuta ndani kabisa ya Urusi. Wote wanaumia, hakuna anayesalimu amri.

Naomba kuwasilisha. Anayepinga aje na hoja, siyo ushabiki wa Putin au wa Zelensky.

Hesabu Kali

Mkuu, umeweka silaha mbili kwenye kapu moja. Droni ndogo ya mstari wa mbele imegandisha vita, hapo tuko pamoja. Ya masafa marefu ina kazi nyingine kabisa: inafuata pesa.

Mwaka 2024 karibu asilimia 30 ya mapato ya serikali ya Urusi yalitoka kwenye mafuta na gesi. Ryazan, Saratov, Volgograd, Novokuibyshevsk, Kirishi: hivyo vyote ni viwanda vya kusafisha mafuta, vyote vimepigwa, vingine zaidi ya mara moja. Oktoba 2025 wakafika mpaka Tyumen huko Siberia, karibu kilomita 2,000 kutoka Ukraine. Matokeo? Mwaka huo Urusi ilizuia petroli yake kuuzwa nje, na watu wakapanga foleni kwenye vituo vya mafuta Crimea, rasi ya Ukraine inayoshikiliwa na Urusi, na hata Primorye, mashariki ya mbali. Nchi inayouzia dunia mafuta, wananchi wake wanapanga foleni!

Mtu anaweza kuuliza droni yenye kilo 50 za baruti itafanya nini kwa kiwanda kikubwa kama mji. Hailengi kiwanda kizima. Inalenga ule mnara mrefu ambamo mafuta ghafi huchemshwa na kutenganishwa, petroli huku, dizeli huku. Ule haufichiki wala hauhamishiki, na vifaa vya viwanda vingi vilinunuliwa kwa makampuni ya Magharibi ambayo leo hayauzi kwa sababu ya vikwazo. Halafu Urusi ni kubwa mno. Ukipeleka mtambo wa kulinda anga Saratov, umeutoa mahali, na huko ulikoutoa pamebaki wazi.

Kobe wa Pangani

Kwa hiyo petroli ikiisha Vladivostok, huko huko Primorye, Kremlin inanyanyua mikono? Ujerumani ilipigwa mabomu miaka na miaka, na bado ilibidi askari wa miguu wafike Berlin.

Hesabu Kali

Kobe, walifika Berlin wakati ndege za Ujerumani zimelala chini kwa kukosa mafuta. Viwanda vyao vya petroli vilianza kuandamwa Mei 1944, na baada ya miezi michache hata marubani wanafunzi hawakuwa na mafuta ya kujifunzia. Soma historia yote, usichukue ukurasa wa mwisho peke yake.

Kobe wa Pangani

Nimeisoma. Kilichomaliza kazi ni mamilioni ya askari kutoka mashariki na magharibi. Ukraine hayo mamilioni haina. Hiyo ndiyo tofauti, na droni haiwezi kukaa kijijini ikapandisha bendera.

Fundi Simu

Niingie na la ufundi kidogo, maana naona mnazungumzia droni kama kitu kimoja kisichobadilika.

Mwanzoni dawa yake ilikuwa kuvuruga mawimbi. Ukiwasha mtambo wa kuvuruga, mwongozaji anapoteza picha, droni inaanguka. Pande zote mbili zikajaza mitambo hiyo mpaka kwenye malori. Mwaka 2024 Warusi wakaja na droni inayovuta uzi wa fiba nyuma yake, ule ule unaoleta intaneti majumbani, umeviringishwa kwenye kopo, kilomita 10, 20. Hakuna mawimbi, kwa hiyo hakuna cha kuvuruga, na picha inakuja safi mpaka inapogonga. Mwanzoni mwa 2025 hizo ndizo zilizoikaba barabara ya kuelekea Sudzha, mkoa wa Kursk ndani ya Urusi, ambako Waukraine walikuwa wameingia, hadi Waukraine wakashindwa kulisha askari wao na kuondoka. Mleta mada, hapo droni haikugandisha kitu. Ilimtoa mtu mahali.

Upande wa kujilinda, hesabu ndiyo inayotisha. Droni ya masafa marefu ya Shahed ya Iran, ambayo Urusi sasa inaiunda yenyewe kwa jina la Geran, inakadiriwa kati ya dola 20,000 na 50,000. Kombora moja la Patriot, mtambo wa Marekani wa kulinda anga, la kuitungua ni kama dola milioni 4. Hakuna hazina ya nchi yoyote itakayoweza hilo kila usiku. Ndiyo maana Waukraine walirudi kwenye bunduki za rashasha juu ya pikapu, na baadaye wakaunda droni za kukimbiza droni, za dola elfu chache tu. Na kinachonichekesha: mota, betri na kamera za pande zote mbili sehemu kubwa zinatoka viwanda vya China. Wanaopigana wanapishana dukani.

Nahodha Mstaafu

Vijana, mmezungumza nchi kavu na angani. Baharini mmeruka.

Vita vinaanza, Ukraine haina jeshi la maji la kusema. Meli yake kuu waliizamisha wenyewe bandarini isichukuliwe. Urusi ina kundi zima la manowari Sevastopol, huko Crimea. Aprili 2022 manowari kuu, Moskva, ikazamishwa kwa makombora yaliyorushwa kutoka pwani. Kisha zikaja boti zisizo na mtu, aina ya Magura: fupi, zimelala juu ya maji, rada inahangaika kuziona katikati ya mawimbi. Februari 2024 zikaizamisha Ivanovets, wiki mbili baadaye Tsezar Kunikov, Machi Sergei Kotov. Meli nyingi za Urusi zikahamia Novorossiysk, ng'ambo ya Crimea.

Julai 2023 Urusi ilijitoa kwenye mkataba wa nafaka. Wengi walidhani bandari ya Odesa ya Ukraine imefungwa. Haikufungwa. Meli za mizigo zilipita kando ya pwani ya Romania na Bulgaria, na ngano ikaendelea kutoka. Sisi tuliofanya kazi Mombasa tunajua ngano ya Bahari Nyeusi ina maana gani kwa wasaga unga wa kwetu. Nchi isiyo na manowari imemfukuza mwenye manowari. Sasa mleta mada, hapo droni imerefusha nini?

Mleta mada

Shikamoo Nahodha. Baharini nakupa, nchi kavu sikupi. Baharini huhitaji kuingia handaki na kuishi humo. Ukimfanya adui aogope kupita, umeshapata ulichotaka. Nchi kavu lazima mtu aingie na akae. Fundi, ya Sudzha nayo ni hivyo: droni ilifunga barabara, lakini aliyeuchukua mji ni askari wa miguu, na baada ya hapo mstari ukaganda tena kilomita chache pembeni.

Mfano mkubwa kuliko yote unaniunga mkono. Juni 1, 2025 Ukraine iliingiza droni 117 ndani ya Urusi, zimefichwa kwenye vibanda vya mbao juu ya malori, mapaa yakafunguka, zikaruka kuvamia viwanja vya ndege za kivita, kimojawapo ni Belaya kule Irkutsk, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka mpakani. Maandalizi yalichukua mwaka na nusu. Ukraine ilisema ndege 41 zimepigwa. Maofisa wa Marekani walikadiria kama nusu ya hizo. Tuchukue hesabu yoyote mnayoipenda. Tukio la kusimuliwa vyuo vya kijeshi miaka mingi ijayo. Wiki tano baadaye, Julai 9, Urusi ikarusha droni 728 kwa usiku mmoja, rekodi ya wakati huo.

Hesabu Kali

Hizo 728 hazirushwi na Tu-95, zile ndege kubwa za mabomu za Urusi, mkuu. Waliopiga Belaya walikuwa wanapunguza ndege za kurushia makombora makubwa, na Tu-95 haiundwi tena tangu miaka ya 1990. Ikiungua, imekwenda.

Mama Imani

Kaka zangu, nawasoma tangu juu. Mnahesabu dola na kilomita vizuri sana. Watu mmewasahau.

Kherson, mji wa Ukraine ulio ng'ambo ya mto tu kutoka kwa Warusi, droni ndogo zinafuata raia: mwenye baiskeli, mama aliyetoka kununua mkate, gari la wagonjwa. Mwongozaji anaona kwa kamera kabisa kwamba huyu si askari. Mei 2025 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema mauaji hayo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kombora linaweza kupotea njia. Hii haijapotea, inaongozwa mpaka mwisho.

Jambo la pili linatuhusu moja kwa moja. Geran anazotaja Fundi zinaundwa Alabuga, Tatarstan, ndani ya Urusi. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini, Nigeria na kwingineko walivyovutwa kwa matangazo ya mitandaoni: tiketi ya ndege, mshahara mzuri, kujifunza kazi za hoteli na upishi. Walipofika wakawekwa kuunganisha droni na kushughulika na kemikali zilizowababua ngozi. Aprili 2, 2024, droni ya Ukraine ilisafiri zaidi ya kilomita 1,100 ikapiga bweni katika eneo hilo hilo, na kati ya waliojeruhiwa walikuwemo Waafrika. Binti aliyeaga kwao anakwenda kupika amejikuta kwenye vita, na hayuko karibu na mstari wowote wa mbele. Kwa hiyo mkinieleza masafa marefu yanafuata pesa tu, mimi naona yanafuata na wafanyakazi.

Kobe wa Pangani

Mama Imani, hapo umegusa penyewe. Ila kiwanda cha silaha ni shabaha halali, tangu zamani. Lawama iende kwa waliowadanganya mabinti, na kwa mawakala wa huku huku kwetu wanaopokea kamisheni.

Mama Imani

Nimekubali ni shabaha. Nimeuliza wale mabinti wamo kwenye hesabu ya nani.

Fundi Simu

Na maarifa haya hayakai Ulaya. Mei 2025 droni zilipiga Port Sudan siku kadhaa mfululizo, uwanja wa ndege, matangi ya mafuta, mji ambao watu walikuwa wameukimbilia kwa kuwa uko mbali na mapigano ya Khartoum na Darfur. Jeshi la Sudan liliwanyooshea kidole wapiganaji wa RSF, kundi linalopigana nalo.

Hesabu Kali

Nirudi kwa mleta mada na swali moja. Machi 2025, baada ya miaka mitatu ya vita, jambo la kwanza ambalo Moscow na Kyiv walikubali mbele ya Wamarekani kusimamisha kupigana lilikuwa nini? Siku 30 za kutopigana kwenye miundombinu ya nishati. Haikuwa Pokrovsk, haikuwa Zaporizhzhia. Ilikuwa mitambo ya umeme na viwanda vya mafuta. Mtu hukubali kusimamisha kile kinachomuuma. Kama masafa marefu hayana uzito, yaliingiaje mezani kabla ya mengine yote?

Mleta mada

Yaliingia, na yakadumu? Kabla wiki haijaisha kila upande unamtuhumu mwenzake kuvunja. Usitishaji wa mizinga unaweza kuwekewa waangalizi. Kitu kinachorushwa usiku kutoka nyuma ya lori, kila mtu akiwa na maelfu yake, nani atasimamia? Kwangu hiyo ni hoja ya upande wangu: silaha iliyo rahisi hivi haisimamishwi kwa sahihi ya marais wawili. Ila nakubali kwamba inauma kuliko mabadilishano ya vijiji, na mwenye subira ya kuhesabu mapipa kama wewe anaweza kuona mwisho ambao mimi siuoni.

Nahodha Mstaafu

Marahaba, mwanangu, nilichelewa kukujibu. Mmalizie basi na hili. Novemba 2025 boti zisizo na mtu za Ukraine zilipiga meli mbili za mafuta, Kairos na Virat, tupu, karibu na pwani ya Uturuki, zikielekea Novorossiysk kupakia. Zipo kwenye vikwazo, ni zile meli chakavu Urusi inazotumia kukwepa, sawa. Lakini wanaofanya kazi kwenye meli za namna hiyo si Warusi peke yao. Ni mabaharia wa kila taifa waliokosa kazi kwenye kampuni nzuri. Uturuki ililalamika. Hesabu Kali, wewe mwenye hesabu, hebu tuambie: bima ikipanda kwa kila meli inayoingia Bahari Nyeusi, ikiwemo ile iliyobeba ngano ya Odesa, ni nani ataanza kusema imetosha, aliyepigwa au aliyepiga?