Wazungu wanataka kumuasili mpwa wangu: wapitie wakala au twende wenyewe mahakamani?

Pweza_Mkavu: Wakuu habari za jioni. Mimi mkazi wa Mikindani, Mtwara, nauza samaki. Nalea mtoto wa dada yangu, wa kike, miaka minne. Kuna mume na mke, Wamarekani, walikuja huku kujitolea kufundisha misimu miwili, wakampenda na yeye akawazoea. Sasa wanataka kumuasili wakaishi naye kwao. Mume anataka wapitie wakala. Mke anasema wakala ni pesa na kuzungushwa, bora tutafute mwanasheria wa hapahapa tumalizane. Wameniuliza njia ipi haina usumbufu, na mimi sijui. Matusi hapana tafadhali, usiku wenyewe silali.

Korosho_Ghafi: Nimekaa siti ya mbele na ming'oko yangu ya moto. Endeleeni.

Sheria_Mfukoni: Mkuu, kwa Wamarekani hizo njia mbili siku hizi ni moja. Tangu Julai 2014 sheria ya kwao inataka wakala aliyeidhinishwa asimamie shughuli hata kama mtoto anatoka nchi isiyo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1993, ule wa kuasili watoto kutoka nchi nyingine, na Tanzania hatumo. Huyo mke akimkwepa wakala atakwama kwenye viza ya mtoto. Ila na mume naye asidhani wakala ndiye ufunguo. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inataka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea huyo mtoto chini ya afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya jinai, na ustawi wa jamii wa kwao wampendekeze. Baada ya hapo ndipo Mahakama Kuu inasikiliza. Hao wako wamekaa muda gani? Na wazazi wa mtoto wako wapi, mbona hujawataja?

Ustadhi_Chuno: Tuogope Mungu. Kulea yatima kuna thawabu kubwa, lakini kumbadilisha nasaba hapana. Surat Al-Ahzab aya ya tano: waiteni kwa baba zao. Huyo mtoto ataitwa nani huko?

Mama_Nachingwea: Mimi nilichukuliwa na shangazi nikiwa na miaka saba, nikapelekwa Dar nikasome. Nilisoma mpaka darasa la nne, mengine nilisomea jikoni. Saa kumi alfajiri nakaanga vitumbua, saa moja navitembeza Temeke, na wale wa kuwazaa mwenyewe ndio wanavaa sare. Huyo ni shangazi wa damu, wala hakuvuka bahari. Mwaka wa tano nilitoroka, nikapanda basi la kurudi Kusini na kanga moja. Naona wengine mnauliza wakala, wakala. Mwulizeni mtoto.

Korosho_Ghafi: Mama umenitoa machozi na ming'oko imepoa.

Pweza_Mkavu: Nashukuru kwa michango. Misimu miwili ni miezi mitatu mitatu. Lakini kuna kijana yuko Dar anasema hiyo miaka mitatu ina njia yake: wanachukua karatasi za ulezi tu, mtoto anasafiri kama anakwenda kutembea, mengine yanamalizikia kulekule. Baba wa mtoto hatujawahi kumwona. Naomba tujikite kwenye swali.

Sheria_Mfukoni: Swali ni mama. Yuko wapi?

Pweza_Mkavu: Sheria_Mfukoni, unanihoji kama polisi. Dada yuko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa tatu sasa. Bado hajaambiwa, maana akichanganyikiwa kule nani atamshika? Nitamwambia mambo yakishakaa sawa. Na nyie mnaosema "mama, mama" hamjui kwetu. Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Nimemlea tangu siku ya kwanza. Dada alishikwa na uchungu Aprili 2019, zile siku tunaambiwa tuhame pwani kwa hofu ya kimbunga Kenneth. Watu wanakimbilia majengo ya shule, mimi nina dada yangu kwenye bodaboda. Hao wazungu walinipa bati za nyumba, ni kweli, lakini ile ni shukrani, si bei. Pasipoti nayo maombi yameshaingia, kurudi nyuma ni aibu.

Mwera_Halisi: Hapo kwenye mjomba nikukamate. Mjomba ana kauli kwenye jando, kwenye unyago, kwenye posa. Kugawa mtoto wakati aliyemzaa yu hai anatuma pesa za sabuni, mjomba wa wapi huyo? Mimi nina wapwa sita, hata kuku wao siuzi bila kuuliza.

Fundi_Redio: Tusiwe wagumu sana. Madonna alimchukua mtoto Malawi mwaka 2006, baba yake hai, na leo kijana amekuwa mtu. Huyu wa Mikindani abaki kufanya nini, aje apare samaki?

Mama_Nachingwea: Kupara samaki kuna ubaya gani?

Mchungulia_Dirisha: Wakuu mnatoa jasho bure, hii chai. Kenneth ni Aprili 2019. Hesabu kwa vidole: huyo mtoto ana miaka minne vipi? Mtunzi amesahau alichoandika juu. Mara wazungu, mara Muscat, mara bati. Sehemu ya pili atatuambia ni mkopo.

Korosho_Ghafi: Chai ya rangi, tena imewekwa tangawizi. Mimi nahama siti.

Ustadhi_Chuno: Ikiwa ni uongo basi ametupotezea swala ya isha.

Fundi_Redio: Kama kweli upo Mikindani, leo asubuhi pweza fungu shilingi ngapi?

Pweza_Mkavu: Leo pweza hawakushuka, bahari ilichafuka, na wewe ungekuwa huku ungejua. Sijatunga. Minne ni ya kwenye cheti. Kijana wa Dar alisema akiwa mdogo mambo yanakwenda upesi, akasimamia yeye kila kitu. Mimi niliweka sahihi kiapo tu.

Sheria_Mfukoni: Kiapo kinasema nini?

Pweza_Mkavu: Kwamba mimi ndiye mlezi na mama hayupo.

Sheria_Mfukoni: Hayupo nyumbani au hayupo duniani?

Pweza_Mkavu: Kimeandikwa hayupo. Aliyesoma ataelewa anavyoelewa. Sikuandika amefariki.

Mwera_Halisi: Loh.

Sheria_Mfukoni: Sikiliza. Hata Wamarekani wenyewe, mama akiwa hai na yuko peke yake, lazima ionekane hawezi kumtunza, na aandike mwenyewe kwamba anamwachia moja kwa moja. Wakala wa kweli ataomba karatasi hiyo, ndiyo maana kijana wako hamtaki wakala. Kumtoa mtoto kama mtalii kwa karatasi za uongo, huku kuna mtu amepokea kitu, kunaangukia sheria ya 2008 ya usafirishaji haramu wa binadamu. Atakayeonekana ameweka sahihi ni wewe, kijana wa Dar jina lake halimo popote. Kesho asubuhi nenda kwa afisa ustawi wa jamii kabla hujaitwa. Leo usiku mpigie dada yako.

Mchungulia_Dirisha: Bado nasema chai. Ila kama si chai, mpigie.

Pweza_Mkavu: Muscat sasa hivi usiku mkubwa.

Mama_Nachingwea: Wametuzidi saa moja tu. Mwanangu alikaa kule miaka miwili.

Mwera_Halisi: Mleta uzi siku ya tatu leo. Ulimpigia?

Korosho_Ghafi: Kimya. Wakati tunasubiri, hizo bati ni geji ngapi? Na mimi nataka kuezeka kabla ya masika.