Mjadala: Kwa nini michango ya shule hurudi kila inapopigwa marufuku?

Ndugu zangu, naleta hoja hii nikiwa na msimamo, na ninaomba upingwe kwa hoja.

Tanzania imefuta ada ya shule ya msingi mara mbili. Ilifutwa mwaka 1973, lakini uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980 wazazi walianza tena kulipa kwa jina la kuchangia gharama. Ilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka uliofuata madarasa yakafurika. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukaendeleza msamaha huo hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Haikupita hata miaka mitatu, Januari 2018, Rais Magufuli akalazimika kupiga marufuku michango shuleni na kuagiza kwamba asiwepo mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo.

Wengi humlaumu mwalimu mkuu na kumwita mla michango. Wapo wa namna hiyo, nao wachukuliwe hatua. Hata hivyo, tuangalie hesabu anayokabidhiwa. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ilitokana na kiwango cha dola 10 cha enzi za MMEM, wakati dola moja ilipokuwa karibu na shilingi 1,000. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, dola ilikuwa imevuka shilingi 2,000, ruzuku ikabaki ileile, na shilingi 4,000 kati yake zilibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Kwa hiyo shule ya wanafunzi 500 ilitarajia shilingi milioni tatu kwa mwaka mzima, yaani 250,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na shughuli za ofisi. Mlinzi alipwe kutoka wapi? Na uji wa mtoto wa darasa la kwanza anayetembea mwendo mrefu kila asubuhi?

Ndiyo maana nasema marufuku huondoa jina la malipo na kuacha gharama palepale. Kamati ya shule inakutana, mchango unaitwa wa hiari, orodha ya wasiolipa inasomwa mbele ya mtoto, na hakuna stakabadhi. Mzazi maskini huumia zaidi hapa kuliko enzi za ada, kwa kuwa ada ilikuwa na kiwango kinachojulikana.

Wanaonipinga husema kwamba tukiruhusu michango rasmi tutakuwa tumerudisha ada kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo naiheshimu, maana historia inawaunga mkono. Lakini malipo hayo tayari yapo. Tofauti ni kwamba hayaandikwi popote. Napendekeza ruzuku ipitiwe kila mwaka kwa kufuata bei za soko, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Chakula pekee ndicho kichangiwe kwa uamuzi wa mkutano wa wazazi, kwa fedha au mahindi, na asiyeweza asamehewe bila mtoto wake kutajwa.

Anayeamini kwamba marufuku pekee inatosha atueleze: mlinzi wa shule ya kijijini kwake analipwa na nani?